Ngazi Tisa za Kakakuona

Enzi wanyama wangali wakisemezana, Kakakuona mchapakazi na Panya mwizi walitumbukia katika shimo la wawindaji. Mvua ikanyesha, maji yakaanza kupanda. Kakakuona akachimba ngazi ukutani kwa kucha zake. Panya, aliyevunjika mguu, alilia tu.

"Lia, mvivu wee!" Kakakuona akamcheka. "Machozi nayo ni maji, utatuzamisha!"

Tembo akasikia kilio, akaja, akashusha mkonga, akamzungushia Panya na kumtoa.

"Mzee, mimi ndiye niliyekuibia mahindi," Panya akasema.

"Najua. Pumzika."

Mkonga ukashuka tena. Kakakuona akausukuma kwa kucha.

"Nibebwe kama mwizi? Nimechimba ngazi tisa, zimebaki mbili. Nitatoka kwa jasho langu!"

"Mwanangu, ukuta umelowa. Niache nikubebe."

"Mbili tu, mzee!"

Alipoanza kuchimba ya kumi, ukuta uliotobolewa mara tisa ukamporomokea.

Tembo akapapasa topeni, akiita, mpaka mvua ikakatika. Mwishowe mkonga ukazigusa kucha za Kakakuona, nazo hazikuusukuma tena.