Mkoba wa Kupandia Mlimani

Mume wa Sidonie alikuwa amepanda milimani juu ya Uvira kuwinda pongo, na siku ya nne ilifika bila yeye kurudi. Asubuhi hiyo shemeji yake alikuja nyumbani Rugenge akisema anakwenda kumtafuta.

Sidonie alimletea mkuki na wavu wa kuwindia. Shemeji aliviegemeza ukutani. Katika mkoba alitia panga, kamba ndefu na shuka iliyokunjwa.

"Na mukuki?"

"Askari wa kule juu wakiniona nao watasema miye niko mupiganaji."

"Basi weka hata bugali. Atakuwa na njaa."

Shemeji alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena.

"Shemeji," alimwambia Sidonie, "jana nilikutana na wachunga ng'ombe wa kule. Walimuona amelala chini, hasogei."

Sidonie aliufungua mkoba, akaitazama ile kamba na ile shuka. Kisha akaingia chumbani, akaitoa shuka ya kitanda chao, akaikunja polepole juu ya goti, akarudi nayo.

"Beba hii," alisema. "Ile yako iko fupi. Yeye iko murefu."