Boga Bila Chumvi

"Leo siku ya sita," baba alisema kwenye simu. "Hajapata choo."

Binti yake, daktari wa mifugo, alikuwa zizini, mkono mmoja ndani ya glavu inayofika begani, simu ameibana kwa shavu. Hakuwa na nafasi, lakini baba hakuwa mtu wa kupiga simu. Miaka yote alipiga mama, na baba akiombwa aseme neno alisema, "Mwambie nipo," basi.

Mama alifariki miezi mitano iliyopita. Aliacha kanga zake, cherehani, na paka wa rangi ya majivu mwenye miaka kumi na minne, aliyemwita Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyokuwa akijikalia kwenye viti vya watu.

"Anakaa sana pale pa kujisaidia?"

"Anakaa mpaka miguu inakufa ganzi."

Binti akacheka. "Amekwambia mwenyewe?"

"Anaonekana tu," baba alisema.

Akampa maelekezo. Achemshe boga, aliponde, amchanganyie kwenye chakula. Chakula chenyewe kiwe na majimaji. Maji ya kunywa yawepo kila pembe ya nyumba. Tumbo likandwe polepole, kwa kuzungusha mkono, asubuhi na jioni. "Na usithubutu kumpa dawa ya watu, baba. Utamdhuru."

Upande wa pili penseli ilisikika ikikwaruza karatasi. Baba alikuwa seremala kwa miaka arobaini, na jambo lisiloandikwa kwake halikuwa jambo.

"Boga litiwe chumvi?"

"Paka hatiwi chumvi, baba."

"Haya. Bila chumvi," alijibu kinyonge.

Tangu siku hiyo akawa anapiga kila baada ya siku mbili. Binti akaanza kuzingoja simu hizo. Hawakuwa wameongea la maana tangu mazishi, ambako kila mmoja alijifungia chumba chake akalia peke yake. Sasa walikuwa na la kuongea, hata kama ni kinyesi cha paka. Aliona aibu kufurahi, lakini alifurahi.

Kwa maelezo ya baba, Bwana Mkubwa hakupata nafuu. Choo kilipotoka kilikuwa kidogo, kigumu, na baadaye kikawa na damu. Alikula nusu akaacha. Alikonda. Binti akaacha utani.

"Asubuhi apelekwe akapigwe picha, baba. Usinisubiri mimi."

Kutoka alikokuwa hadi nyumbani ilikuwa safari ya siku nzima, na chanjo ya ng'ombe ilikuwa imepamba moto, daktari ni yeye peke yake.

Wiki iliyofuata baba alipiga mapema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa akayapanga maneno.

"Picha imeonyesha uvimbe kwenye utumbo. Wanasema wakipasua sasa, huenda akapona. Huenda." Kisha akauliza, "Ingekuwa wewe, ungempasua?"

Swali hilo binti alikuwa ameulizwa na watu wengi, na alijivunia kwamba hakuwahi kumdanganya hata mmoja.

"Baba, yule ni mzee. Kumpasua ni kumtesa bure. Hata akipona, amebakiza miaka mingapi? Mpe anachopenda, mkalishe pazuri, mwache apumzike."

"Hapo umesema kama daktari, au kama mwanangu?"

"Kama daktari." Kisha akaona amekuwa mkavu mno, akaongeza, "Na tangu mama aondoke hana raha yule. Wewe mwenyewe unamwona."

"Hana," baba alikubali. Penseli yake ikasikika tena ikikwaruza. "Sawa, mama. Wewe ndiye uliyesomea."

Siku hiyo alilia nyuma ya gari la chanjo. Alimlilia paka, akamlilia na mama. Alimwonea baba huruma kwa kuondokewa mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Chanjo ilichukua wiki nyingine tatu. Ilipokwisha akaomba ruhusa, akafunga begi, na ndani yake akaweka dawa na sindano ya kumlaza Bwana Mkubwa asisikie tena uchungu, maana katika simu ya mwisho baba alisema maumivu sasa hayaachii. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia baba yake.

Alifika saa saba mchana. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Bwana Mkubwa aliruka kutoka juu ya kabati kwa kishindo, mnene, manyoya yanang'aa, akamzunguka miguuni akidai chakula. Kwenye beseni lake la mchanga kulikuwa na choo cha asubuhi ile ile, cha paka asiye na shida yoyote duniani.

Binti alichuchumaa akambonyeza tumbo. Laini. Akarudia, polepole, kama alivyofundishwa chuoni. Hakukuwa na uvimbe. Akacheka peke yake, machozi yakimtiririka. Waliopiga picha walikosea, wajinga wale, na kwa mara ya kwanza mwaka huo nyumba hii ingepata habari njema.

"Baba," aliita akielekea chumbani, "mgonjwa wako mzima."

Baba alikuwa amesinzia kitini. Shati la kazi lilimpwaya kama la kuazima, na mkono wake mmoja ulikuwa umetulia juu ya tumbo. Kwenye meza, karibu na miwani, kulikuwa na nakala ya fomu ya hospitali, ya mgonjwa aliyekataa upasuaji, yenye jina la baba na sahihi yake. Penye sababu ya kukataa palikuwa na mwandiko wa penseli ya seremala: "Nimemuuliza daktari. Ni binti yangu."