Rangi Nyekundu Chini ya Barafu

Aminiel alikaa ukingoni mwa ndiva, bwawa lao la kumwagilia, akimtazama binti yake kwenye simu. Msichana alikuwa Aktiki, mbele ya barafu kubwa kama kilima, kavaa koti hadi kafanana na gunia.

"Baba, kule juu maji ya barafu yanazama shimoni. Tumeyatia rangi nyekundu. Yakipita chini yakatokea hapa, utafiti wangu unaendelea, nabaki miaka miwili. Yasipotokea, narudi nyumbani."

"Basi yasitokee," Aminiel alisema waziwazi.

"Baba jamani!" akacheka.

Wakangoja. Kijito kilitoka chini ya barafu kikiwa cheupe kama maziwa. Msichana akaacha kucheka. Akaanza kuuma kidole gumba, na kucha ilikuwa imekwisha kabisa.

Aminiel alishindwa kuvumilia. Akasimama, akaisogeza simu mdomoni, akapaza mwito ambao wanakijiji huitana nao kila ndiva inapofunguliwa:

"Maji hayooo! Yanakuja!"

Chini mashambani wanawake wakakurupuka na majembe, wakaikimbilia mifereji. Ilikuwa mikavu.

"Mzee, maji yako wapi?" mmoja akafoka.

"Yako chini ya barafu!" akajibu, bila kubandua macho kwenye simu. "Ngojeni, yatatoka tu!"