Bibi wa Kitanda cha Pili

Mshona nguo alipozinduka, kijiko kilikuwa tayari mdomoni mwake. Aliyekishika alikuwa bibi mmoja mwenye viganja vigumu, na nyuma yake palikuwa na kitanda cha pili, blanketi limekunjwa vizuri.

"Meza, mwanangu. Taratibu. Hatukimbizwi."

Akameza maji ya chumvi na sukari, kisha akauona mlango. Ulikuwa wa chuma, wenye kidirisha cha kioo, na upande wa ndani haukuwa na kitasa. Sakafuni mbele yake ulichorwa mstari mwekundu. Sheria ya wodi ile ya homa ya kuambukiza ilikuwa moja tu: anayeuvuka mstari bila mavazi ya kinga hatoki mpaka siku ishirini na moja zipite na apimwe aonekane hana homa ile.

Nyumbani alikuwa ameacha mtoto wa miezi minane. Kila jioni mumewe alisimama nje ya uzio, mtoto begani, maana huko ndiko alikoruhusiwa kufika. Bibi alimshika mshona nguo kwapani, akamkokota mpaka dirishani, nao wakatazama hadi miguu ikagoma. Mshona nguo alitaka kutoka kuliko alivyotaka kupona.

Wauguzi waliingia mara mbili kwa siku, wamejifunika gubigubi. Mavazi yale yalikuwa tanuri. Dakika ishirini tu, wanatoka wakiyumba. Saa zote zilizobaki zilikuwa za Bibi: Bibi na kijiko, Bibi na ndoo, Bibi na kukoroma kwake. Alfajiri alipiga deki chumba kizima kama aliyeajiriwa. Kutoka ukuta mpaka ukuta ni hatua sita, na mtu huna pa kumkimbia mwenzako. Mshona nguo alimchoka.

"Mbona mimi natobolewa sindano kila siku," alimwuliza sista asubuhi moja, "na huyu anapimwa joto tu na kuulizwa kama kalala salama? Au ni shangazi yako?"

Sista alimtazama Bibi. Bibi akatikisa kichwa kidogo.

"Si shangazi yangu," sista akasema, akafunga kisanduku chake cha dawa.

Upendeleo mtupu, mshona nguo alijisemea, akageukia ukuta.

Bibi pia aliimba. Wimbo ni ule ule mmoja, na aliupinda vibaya. Mshona nguo, mwanakwaya wa miaka kumi, alivumilia siku nne.

"Bibi, wimbo huo unauua. Na hayo maneno si yake."

"Basi niambie yake, mwanangu. Mimi huusikia nikiwa nje ya dirisha la kanisa, maneno mengine yananipita."

"Unasema Bwana aliona tunaugua, akashuka, akakaa nasi."

"Akakaa nasi," Bibi alirudia. Alionekana kuridhika. "Hilo la kukaa ndilo nililokuwa nalikosa."

Alasiri moja baridi ilimshika mshona nguo, meno yakagongana. Mablanketi yote mawili hayakufua dafu.

"Njoo unikumbatie, Bibi. Nakufa."

Bibi alisimama akiitazama mikono yake.

"Unaogopa nini?" mshona nguo alifoka, machozi yakimtoka. "Mimi na wewe tumeshaoza sote. Kuna cha kuambukizana tena hapa?"

"Haya, mwanangu," Bibi akasema. Akapanda kitandani, akamkumbatia kwa nguvu, jasho la mgonjwa likamlowesha, hadi kutetemeka kukaisha.

Tangu siku hiyo homa ilianza kushuka. Siku ishirini na moja zikatimia. Kipimo cha kwanza kikawa safi, na cha pili pia. Mshona nguo alioga, akapewa gauni jipya na mfuko wa vitu vyake. Alikuwa na furaha hata akaona haya, kwa sababu Bibi siku hiyo hakuamka. Alilala ameelekea ukutani, midomo imekauka.

"Nenda, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Usiage sana, mtoto anakungoja."

Mlango ulifunguliwa. Mshona nguo aliuvuka mstari, na sista akainua kidole.

"Ugonjwa huu haumpati mtu mara mbili. Lakini usirudi humo hata kama umesahau kitana. Ukirudi tu, siku ishirini na moja zinaanza upya."

"Nirudi nifanye nini!" Mshona nguo alicheka. Mwisho wa korido, kupitia dirisha, aliuona uzio. Mumewe alikuwa akimrusha mtoto juu na kumdaka. Kisha akakumbuka. "Mwangalieni Bibi, sista. Leo hata uji hajagusa. Homa yake ilianza lini?"

"Jana."

"Jana ilizidi. Nauliza ilimwanza lini."

"Jana," sista alirudia. "Siku alipoingia humo alikuwa mzima, anafagia korido hii. Alikusikia ukiomba maji."

Mshona nguo aliutazama uzio kwa muda mrefu. Kisha akaweka mfuko chini, akavuka mstari kurudi ndani, akakitafuta kijiko.