Sare ya Dhahabu

Siku hizi nguo haivaliwi. Hupandikizwa ikamea mwilini kama manyoya ya kuku, na mwenye ufunguo ndiye huamua rangi yake. Ufunguo wa Zaituni, kama wa waalikwa wote, ulikuwa kwa kamati ya harusi ya binamu yake: sare ya dhahabu, mpaka Jumapili. Ijumaa asubuhi mama yake akafariki.

"Nifungulie leo tu, nikamlilie mama," alimwomba Mama Shufaa, mwenyekiti wa kamati, kwa simu.

"Pole sana, mwanangu. Lakini ukitoka kwenye sare, picha zote zimeharibika. Jikaze."

Msibani Zaituni alijitanda kanga mbili kuukuu za marehemu. Dhahabu ikapenya. Kila alipolia, joto la mwili liliichochea ikazidi kuwaka, hata waliokaa jamvini wakakinga macho.

Bibi yake, aliyemzaa marehemu, siku hizi anasahausahau. Alimtazama juu mpaka chini, akatabasamu, akamshika mkono.

"Mashallah, mjukuu wangu, umependeza! Mama yako amekuona?"