Shanta la Mbwa Mteuzi

Alikuwako Mbwa mmoja mteuzi, aliyedai kwamba magoti yake yamekwisha. Binti yake alipokuwa anaolewa ng'ambo ya kilima, jirani yake Nyani, mpole kupita kiasi, alikubali kumbeba mgongoni. Wakaenda kwa Mnana, ndege fundi wa kusuka, kuchagua shanta.

Shanta la kwanza lilimbana Mbwa kifuani. La pili liliacha miguu yake ikining'inia. La tatu lilimkaa vizuri, lakini aliitilia shaka mikanda yake.

"Huyu Nyani hatalalamika hata ikimkata mabega," alisema. "Atachoka njiani anitue, na harusi inipite. Lazima niijaribu mwenyewe."

"Utaijaribu na shanta tupu?" aliuliza Mnana.

Mbwa akafikiri. "Ndugu yangu Nyani, hebu ingia."

Nyani akaingia. Mbwa akalivaa shanta, akapanda kilima kidogo huku akiyasikiliza mabega yake. Hayakuuma. Akaendelea mpaka juu, kisha akashuka upande wa pili, kwa kuwa mteremko nao ulihitaji kujaribiwa. Alipoinua macho, alikuwa katikati ya harusi.

Binti yake akamkimbilia. "Baba, umekuja kwa miguu?"

Mbwa akageuza shingo. Ndani ya shanta Nyani alikuwa anakoroma, kidevu kimeegemea ukingo.

"Mwanangu, nimepatikana," Mbwa alinong'ona kwa huzuni. "Sasa nitarudije nyumbani? Wa kunibeba amelala."