Chaza wa Chini ya Machinjio

Raya aliinua kombe la chaza mbele ya ukumbi uliojaa.

"Chaza hula kilichomo majini, na nyama yake hubaki na alama ya alichokula. Tumewapima chaza wa ufuo mzima, na alama hiyo huzidi kadiri unavyokaribia machinjio. Kinachoharibu bahari yetu si mbolea ya mashambani. Ni damu na kinyesi kutoka machinjioni."

Watu wakamgeukia Mzee Shekue, mwenye machinjio, baba yake Raya.

Raya hakuinamisha macho. "Niwie radhi, baba."

Mzee akasimama. "Radhi ya nini? Nilikusomesha useme kweli." Akawatazama majirani, kifua mbele. "Mmemsikia mwanangu?"

Kisha akatoka nje kwenye jua, akavua viatu, akateremka kuuziba mfereji uliotiririsha maji mekundu kutoka machinjioni kwake kuelekea baharini.